Posa ya Ng'ambo ya Mto

Enzi mto ungali kijito cha kuruka, vyura wa mlimani walikuwa ukoo mmoja. Kijito kikawa mto, ukoo ukakatika pande mbili, na vizazi vikapita hata hakuna aliyejua ni vingapi.

Kwaru, mshenga aliyekwisha kuchoka na ushenga wake, akatumwa ng'ambo kuposa, maana kwao mabinti walikuwa wameadimika. Alivuka nusura asombwe. Alipofika, akihema, akaimba wimbo wa posa kama alivyofundishwa na babake. Mabinti wakaangua kicheko.

“Mgeni, umepaliwa?” akauliza Mama Shunde, mwenye sauti katika ukoo ule.

“Huu ndio wimbo wa mababu,” akasema Kwaru. “Sisi tuliobaki palepale hatujaugusa. Ninyi mmeupotosha.”

“Ala! Waliobaki palepale ni sisi.”

Wakabishana mpaka koo zikakauka, kisha wakamwamsha Kobe, aliyeishi miaka mingi na kuilala karibu yote.

“Babu, ulikuwako. Tuimbie ule wenyewe.”

Kobe akapiga miayo, akauimba.

Kwaru na Mama Shunde wakatazamana, wakacheka pamoja. “Huo ni mlio wa mnyama gani?”

“Wa babu yenu ninyi wawili,” akasema Kobe, akarudisha kichwa gambani.

Kwaru akaacha kucheka. Akashika njia ya kurudi, akafungua furushi la nzi aliowabeba wawe zawadi ya posa, akawala peke yake.

“Wale ndugu zetu waliohama, umewaona?” wakamwuliza nyumbani.

“Hakuna aliyehama,” akajibu, akijilaza matopeni. “Kila mtu alikaa kwao, na kila mtu kafika mbali.”