Koti la Marehemu

Mlango wa wodi ya wazazi ulimnusa Bi Mwanamkasi, ukagoma kufunguka. Milango ya umma zama hizo ilikuwa na pua, na mwenye harufu ya sigara hakuingia popote.

"Mama, ni koti la baba hilo," bintiye Zamda alimwambia kwenye simu kutoka ndani.

Alilivua, mlango ukagoma vilevile. Tangu mumewe afariki alikuwa akilala amejifunika koti lile, na moshi wa marehemu ulikuwa umemganda hadi kwenye nywele.

Basi akarudi nyumbani, akaoga, akalifua huku machozi yakidondokea beseni.

Kesho yake mlango ulifunguka wenyewe. Zamda akampakatisha mtoto. "Tumempa jina la babu yake. Mnuse, mama."

Bi Mwanamkasi alimnusa mtoto, kisha akanusa kola ya koti. Vyote vilinukia sabuni.