Yahaya na Santuri za Kornel

Nyuki walimkimbiza Yahaya mpaka akaanguka na baiskeli mtaroni, lakini santuri hakuiachia. Aliinuka uso umevimba, shati limechanika, akaichungulia kifuani. Haikuvunjika. Akacheka peke yake porini: mtu mzima, fundi cherehani wa kuheshimika Tabora, ametoka Sikonge ambako ametoa suti nzima kwa santuri moja yenye ufa.

Kwa hesabu yake hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Watu walipohamia vijiji vya ujamaa, yeye aliwafuata na baiskeli, akiuliza nani amebeba santuri za Kornel, mpiga gitaa wa dansi aliyevuma mjini kabla ya uhuru, akafa kijana. Kaliua, Urambo, kote walimwita Yahaya wa Kornel. Sanduku lilijaa, lakini gramafoni hakuwa nayo. Mkewe, Mwanamkuu, alipomuuliza mtu hukusanyaje muziki asiousikiliza, alijibu kwamba sindano inakula santuri.

Uvimbe haujashuka, Silasi mwenye mgahawa wa jirani akamwita. Alimkalisha mbele kabisa, kama bwana harusi. Akawaeleza wateja kwamba mafundi wa Dar es Salaam wamezichukua rekodi za kwanza za Kornel, wakaziondolea mikwaruzo yote, wakatoa santuri mpya. Sasa kila kitu kinasikika, hata sauti za nyuma zilizokuwa zimemezwa na kelele.

Yahaya akaomba maji. Wakadhani ni furaha.

Gitaa lilitoka safi, kila uzi peke yake. Wazee wakafumba macho. Kisha nyuma yake ikaibuka sauti ya kijana, ikiimba kwa bidii kubwa, nje kabisa ya wimbo, kama mbuzi aliyesahaulika mvuani. Kwanza alicheka mmoja, halafu mgahawa mzima. Silasi alilazimika kushika meza.

Mwanamkuu, aliyekuwa ameleta vitumbua vya kuuza, hakucheka. Alisimama na sinia lake, akasikiliza ubeti wote, kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Tatu," alisema polepole, "hivi ndivyo unavyoimba ukioga."

Kicheko kikakatika. Yahaya aliweka gilasi mezani.

"Zimetoka nyingi?" alimuuliza Silasi.

"Zimesambazwa nchi nzima."

"Na mimi," alisema Yahaya, "nilidhani nimezimaliza."