Mtihani wa Uraia, Shauri Moyo

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, manyunyu ya baridi yakianguka juu ya mapaa ya Shauri Moyo, Bwana Mbithi alikamatwa kwa kosa la kusema "tafadhali".

Alikuwa amesimama mlangoni pake, suti imenyooka, viatu vinang'aa, tayari kusafiri kwenda Machakos. Mchana huo jamaa za mchumba wa binti yake Nzembi wangefika huko kwa mazungumzo ya mahari. Mkewe na ndugu wote walikuwa wametangulia. Bila baba mzazi hakuna mazungumzo. Wageni hunywa chai, wakarudi walikotoka. Nzembi alikuwa amekwisha kuingoja siku hiyo miaka mitano.

Ndipo afisa wa uhamiaji aitwaye Khavere alipotokea, askari mmoja nyuma yake.

"Tumeambiwa katika safu hii anaishi Mtanzania ambaye kibali chake kimeisha," alisema. "Kitambulisho."

"Tafadhali, afisa, niwie radhi," Mbithi alijibu. "Kitambulisho changu kimesalia Industrial Area, katika kibanda cha bawabu wa kiwanda nilichozuru jana. Nilikiacha langoni, kama ilivyo ada, nikasahau kukichukua nilipotoka. Kiwanda hakitafunguliwa hadi Jumatatu."

Khavere alimtazama askari. "Umeskia hiyo Kiswahili?"

"Nimeskia, madam. Hiyo ni ya Tanga kabisa."

"Mimi ni Mkenya! Jina langu ni Mbithi. Nimekuwa karani wa baraza la jiji hili hadi nilipostaafu."

"Hata mimi naeza jiita Mbithi," alisema askari.

Mbithi akampigia mkewe simu. Mama huyo aliapa kwa sauti kubwa kwamba mumewe ni Mkamba wa damu. Khavere alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaamua kwamba sauti haina picha wala alama za vidole.

Majirani walikuwa wamejaa uchochoroni. Khavere akamgeukia Jecinta, muuza mboga.

"Huyu unamjua?"

"Namjua sana, madam. Lakini kusema ukweli, mi hushangaa. Akikuja kununua sukuma hasemi 'nipe'. Anasema 'naomba'."

Umati ulivuta pumzi kwa pamoja.

"Na ukimpa?"

"Anasema ahsante. Halafu anangoja nimjibu."

Mbithi alieleza kwamba alilelewa katika shule ya bweni ambako lugha iliyovunjwa iliadhibiwa kwa viboko, na kwamba hakuona sababu ya kuyaacha uzeeni malezi aliyoyapata utotoni. Alieleza vizuri mno. Kila sentensi iliyokamilika ilimsogeza karibu zaidi na gari la maafisa.

"Serikali haitaki kuonea mtu," alisema Khavere. "Nileteeni mtu wa hapa hapa, wa kuzaliwa, ampime."

Hapakuwa na ubishi. Wote waliita jina moja: Obonyo, muuza soseji za smokie, aliyekuwa akikatakata kachumbari kando ya toroli yake. Vijana wa mtaa walijifunza kusema kutoka kinywani mwake; neno likizaliwa sokoni Gikomba asubuhi, Obonyo alikuwa nalo kabla ya adhuhuri. Alifuta mikono, akamkabili mtahiniwa wake.

"Niaje, buda?"

"Sijambo. Nawe, hujambo?"

Watu waliguna.

"Tulia, mzee, hii si parade. Karao ni nani?"

Mbithi alitafakari. "Sidhani kama tumewahi kukutana. Anaishi safu gani?"

Askari, karao mwenyewe, aliinamia buti zake. Jecinta alilazimika kuketi juu ya gunia la karoti.

"Haya, ya mwisho, na si ngumu. Nikikushow unitoe mbao, utanipea nini?"

"Itategemea. Mbao za ukubwa gani?"

"Ni twenti bob, mzee! Twenti bob!" Obonyo alishika kichwa. "Aki huyu ataniua."

Khavere alifungua mlango wa gari. Mbithi, ambaye hakuwahi kumwomba jirani hata chumvi, alisema kwa sauti ndogo: "Obonyo. Binti yangu ananingoja."

Obonyo akamgeukia afisa.

"Madam, huyu ni wetu. Hawa wa bording ndio huwa hivi. Walichapwa mpaka wakaharibika. Na Mtanzania hawezi kuwa mkali hivi! Huyu alinirudishia smokie imeliwa nusu, juu ya kusema 'mayai hizi'. Mwachilieni, mi ndio nitamsimamia."

Khavere alipima maneno hayo. Kitambulisho cha Obonyo hakukiuliza. Ulimi wa namna hiyo, alisema, hauwezi kuwa umezaliwa mbali na Gikomba. Aliandika jina la Obonyo kuwa mdhamini, akapanda gari, akaenda kumsaka Mtanzania wake katika safu iliyofuata.

Umati ulitawanyika kwa masikitiko kidogo. Mbithi alinyoosha koti, akamfuata Obonyo hadi kwenye toroli.

"Nina deni kwako," alisema, "na sisafiri nikiwa na deni. Taja malipo yako."

Obonyo aliangalia uchochoro wote, mwanzo hadi mwisho. Kisha akaweka kisu chini, akaunganisha viganja, na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, baba," alisema, taratibu, kwa sauti ambayo mtaa ule haukuwahi kuisikia. "Jumatatu tuongozane mpaka uhamiaji ukanidhamini, maana kibali changu kimekwisha toka Februari, na kwetu Shirati, huko Tanzania, sijarudi siku nyingi."

"Marahaba," alijibu Mbithi. "Saa mbili kamili, na uvae tai."