Kimo cha Kombo Shaha

"Bibi! Baba'ko nimempata!" Raya alipayuka, na chumba kizima cha nyaraka kikamgeukia.

Miezi miwili walikuwa wanamtafuta kwenye orodha za mabaharia, hayumo. Leo ndiyo Raya kagundua kwamba makarani wa zamani waliwaandika Waafrika na Wahindi wa melini kwenye daftari la shehena, chini ya makaa na mbuzi.

"Mbuzi?" Bi Mize aliguna. "Haya, soma. Alitukimbia, hakutukimbia?" Tangu mdogo aliambiwa baba yake kaoa ng'ambo, kawasahau.

"Hakuwakimbia! Sikiliza: Kombo Shaha, mchochea makaa, kafariki kwa homa, safari ya kurudi."

"Ya kurudi huku?"

"Huku huku, Bibi! Zilibaki siku tatu tu wafike."

Bi Mize alishusha pumzi kama aliyetuliwa gunia kichwani. "Alhamdulillahi. Na marehemu mama kamlaumu bure maisha yote. Wameandika nini tena?"

"Kimo. Futi tano na inchi moja."

"Waongo! Mama alisema akiingia mlangoni anainama!"

"Labda mlango ndio ulikuwa mfupi, Bibi."

Bi Mize alicheka mpaka Mzee Dossa, mtunza nyaraka, akaweka kidole mdomoni. Hakumjali. Alivua viatu, akaenda mlangoni, akabana mgongo kwenye fremu.

"Bwana, njoo unipime, nione kama nimemfuata baba."

Mzee Dossa alitazama huku na huku, akaondoa penseli sikioni, akailaza taratibu juu ya mtandio kichwani mwa Bi Mize.