Mtungi wa Wageni

Joto lilikuwa limeyeyusha mishumaa kabatini. Mwanakheri akazitoa humo chupa za insulini, dawa ya sukari ya mwanawe, akazifunga kwenye mfuko. Akayamwaga maji ya mtungini, akabakisha kidogo tu chini, kisha akauning'iniza mfuko humo ndani na kuufunika mtungi.

"Mtungi huo ni wa wageni!" mama mkwe akafoka. "Dawa zina kabati lake."

"Kabati limeyeyusha mishumaa, mama. Dawa itasalimika?"

"Zitoe! Wageni watakunywa nini?"

Hodi ikapigwa. Mama mkwe akakimbilia kifuniko, lakini Mwanakheri alishaukumbatia mtungi, kidevu juu ya kifuniko.

"Karibuni ndani!" akaita kwa sauti. "Maji yapo ndooni, ila leo mtakunywa ya moto."

Ubaridi wa udongo ukaanza kupenya gauni lake. Hakusogea.