Bomba la Sindano Lenye Sauti ya Zena

Mama Nuru, jirani wa Zena na mama yake, anadai bomba la sindano lilimfokea daktari katika chumba cha upasuaji: "Hiyo siyo dawa ya usingizi ya mama yangu, irudishe." Sauti ilikuwa ya Zena, maana siku hizi kila bomba huazimwa sauti ya ndugu wa mgonjwa, lipate kukataa dawa iliyokosewa. Daktari akairudisha, akashukuru. Mama yake Zena akaamka salama salimini. Mtaa mzima unalisifu bomba lile, na Zena wanamsifu zaidi.

Jioni ya siku aliyorudi nyumbani, mama alisogea jikoni.

"Kabla sijasinzia uliniambia, 'Lala mama, nipo.' Hujawahi kusema nami hivyo, mwanangu. Hebu niambie tena."

Zena, ambaye alipoliazima bomba sauti yake kule hospitali alitamka jina lake mwenyewe tu, aliinamia sufuria, akaendelea kukoroga uji.