Brigita na Klachi

Kila mwaka mvua zikiisha hapa Kalinzi, pikipiki yangu hutoka stoo klachi ikiwa imeganda. Unatia gia, unabana klachi, na gurudumu bado linagoma kuzunguka. Kazi hiyo inataka watu wawili. Mke wangu Brigita alikuwa akikaa juu, klachi ameibana kwa nguvu, mguu uko tayari kwenye breki, mimi nasukuma mbele na nyuma mpaka pleti za klachi zilizogandana ziachane.

Tulimzika mwezi wa pili. Safari hii klachi niliifunga kwa mpira wa tyubu, nikaukaza mpaka vidole vikauma.

Nilisukuma, nikavuta. Jasho likaniingia machoni.

"Toka basi," nikaiambia, nikasukuma tena.

Tak! Gurudumu likaachia. Nami nikaachia mikono, kama nilivyozoea miaka yote, nikanyoosha mgongo huku nacheka.

Pikipiki ikaanza kushuka mteremko yenyewe kuelekea shamba la kahawa.

"Brigita! Breki!"

Ikaukumba mbuni wa kwanza, ikalala ubavu.

Jirani yangu Edina alitokea mbio, mikono imejaa unga wa muhogo. Aliitazama pikipiki, akanitazama mimi.

"Shikamoo, mzee. Umeumia?"

"Marahaba. Sijaumia."

Alijifuta mikono kwenye kanga, taratibu.

"Hata mimi juzi nilimwita," akasema. "Nilitaka twende wote kuchota maji."

Niliinama kuufungua ule mpira. Ulikuwa bado umeibana klachi vilevile, kwa nguvu zote.